Mzunguko wa Ziada wa Salfa Unalipa? Namna ya Kusoma Wigo wa Uhakika Usipotoshwe na Thamani ya p

Kila mavuno ya korosho yakiisha, maswali huwa yale yale. Mwanafunzi wa kilimo aliyetoka mafunzo ya vitendo Newala, afisa ugani wa Nachingwea, kijana anayetunza daftari za AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima): "Thamani ya p imetoka 0.003. Tuwaambie wakulima waongeze mzunguko mmoja wa kupulizia salfa?" Mwingine: "p imetoka 0.14, kwa hiyo mbegu hizi mbili ni sawa?"

Wa kwanza hawezi kujibiwa kwa p peke yake. Wa pili jibu lake ni hapana. Mwongozo huu unakupeleka hatua kwa hatua kutoka kwenye namba za shambani hadi kwenye sentensi unayoweza kumwambia mkulima bila kumpotosha. Mfano mkuu ni mikorosho. Ukifanya kazi na ufuta, mbaazi au vifaranga, hesabu haibadiliki.

Namba zote za mfano ni za mazoezi. Usizinukuu kama matokeo ya utafiti.

Maneno manne kabla ya kuanza

*Thamani ya p*: tuseme kweli hakuna tofauti yoyote kati ya njia mbili. Je, ni mara ngapi bahati tupu ingeleta tofauti kubwa kama hii uliyoiona, au kubwa zaidi? Hiyo ndiyo p. Haikuambii tofauti ni kubwa kiasi gani.

*Umuhimu wa kitakwimu*: p imeshuka chini ya mpaka uliowekwa, mara nyingi 0.05. Maana yake ni kwamba tofauti hiyo ni vigumu kuisingizia bahati.

*Umuhimu wa kivitendo*: tofauti inatosha kulipia gharama yake na kumbakizia mtu kitu mkononi. Hapa chini tutaiita tofauti ya mfukoni.

*Wigo wa uhakika*, ambao vyuoni wengi huuita konfidensi intavo: namba mbili, ya chini na ya juu, zinazoonyesha tofauti ya kweli inaweza kuwa wapi kwa kadiri data yako inavyoruhusu. Wigo wa asilimia 95 una maana hii: ukirudia jaribio kwa njia ile ile mara nyingi, kila mara ukapiga wigo mpya, kama 95 katika kila 100 zitaikamata tofauti ya kweli. Huu ulio nao mkononi ama umeikamata ama haukuikamata.

Nadharia inaishia hapo.

Unachohitaji

- Karatasi, na kompyuta au simu yenye Excel, Google Sheets au LibreOffice. Kikokotoo chenye kipeuo cha pili kinatosha kwa mashamba 12, ila utachoka.
- Mizani moja, ile ile, kwa mashamba yote. Ikague kila asubuhi kwa jiwe la uzani unaoujua.
- Bei inayomfikia mkulima baada ya makato. Bei ya kwanza iliyotangazwa mnadani haifai kwa kazi hii.
- Gharama ya kile unachokijaribu, kwa mti mmoja au kwa eka moja.
- Data iliyokusanywa vizuri. Kama ni mbovu, hakuna fomula ya kuiokoa, ndiyo maana hatua mbili za mwanzo zinahusu shamba.

Hatua ya 1: Andika kizingiti cha mfukoni kabla hujaona data

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Jiulize: tofauti ndogo kabisa ambayo ingenifanya nibadili ushauri wangu ni ipi? Iandike, weka tarehe, mwoneshe mwenzako.

Tunajaribu kuongeza mzunguko mmoja wa salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Tuseme:

- Salfa robo kilo kwa mti. Mfuko wa kilo 25 kwa shilingi 30,000 ni shilingi 1,200 kwa kilo, yaani 300 kwa mti.
- Kukodi mashine ya kupulizia, mafuta na mpulizaji: 400 kwa mti.
- Jumla: shilingi 700 kwa mti.
- Kilo moja ya korosho ghafi inambakizia mkulima shilingi 2,000 baada ya makato na gharama za kuokota na kukausha.

Gawanya 700 kwa 2,000 upate kilo 0.35. Mti usipoongeza zaidi ya kilo 0.35, mkulima amefanya kazi ya bure au amekula hasara. Hicho ndicho kizingiti.

Salfa ikigawiwa bila malipo, usiandike sifuri upande wa gharama yote: mashine na mpulizaji bado wanalipwa. Kizingiti kingeshuka hadi 0.20 (400 kugawanya kwa 2,000). Piga vyote viwili, kwa sababu ruzuku ya mwaka huu si ahadi ya mwaka ujao.

Hatua ya 2: Panga jaribio ili namba ziwe na haki ya kulinganishwa

Mashamba ya uwanda wa Makonde hayafanani: umri wa miti, udongo, nafasi kati ya mti na mti, bidii ya mwenye shamba. Ukichukua mashamba 12 yenye mzunguko wa ziada na 12 mengine yasiyo nao, tofauti za mashamba zenyewe zitaimeza ya salfa. Fanya jozi: katika kila shamba tenga vipande viwili vya miti sita sita, kimoja kwa kawaida ya mkulima, kingine kwa mzunguko wa ziada.

Kipande kipi kipate ziada? Rusha sarafu shambani. Ukimwachia mwenye shamba achague, wengi watakupa upande wa miti mizuri, kwa nia njema kabisa.

Acha mistari miwili ya miti ya kinga katikati ya vipande. Mikorosho huchanua wakati wa kusi, na salfa ya unga haijui mpaka. Pulizia alfajiri upepo umetulia. Unga ukivuka kwenda kipande cha kawaida, tofauti utakayopima itakuwa ndogo kuliko ilivyo kweli, na hakuna hesabu ya baadaye itakayoirudisha.

Pima mavuno mwenyewe, korosho zikiwa zimetenganishwa na bibo na kukaushwa kwa siku zile zile. Usitumie stakabadhi za AMCOS kama kipimo cha mavuno ya kipande. Stakabadhi huchanganya mashamba ya mtu mmoja, na korosho zilizouzwa kwa kangomba (kwa walanguzi, nje ya mfumo rasmi) kabla ya msimu hazimo humo.

*Onyo kubwa:* miti sita katika mashamba 12 si sampuli ya 72. Miti ya shamba moja imepata mvua moja, mpulizaji mmoja, wezi wale wale. Kinachohesabika ni shamba. Chukua wastani wa miti sita, upate namba moja kwa kila kipande. Sampuli yako ni 12. Wanaoandika 72 hupata wigo mwembamba wa kupendeza, na ni wa uongo.

Hatua ya 3: Ingiza data kwa jozi

Safu A namba ya shamba, B kawaida, C ziada, D tofauti (C toa B). Kilo kwa mti:

1: 6.2, 7.1, tofauti 0.9
2: 8.0, 8.4, tofauti 0.4
3: 5.1, 6.4, tofauti 1.3
4: 9.4, 9.2, tofauti -0.2
5: 7.3, 8.0, tofauti 0.7
6: 4.6, 5.1, tofauti 0.5
7: 6.8, 7.9, tofauti 1.1
8: 10.2, 10.3, tofauti 0.1
9: 5.9, 6.7, tofauti 0.8
10: 8.7, 8.3, tofauti -0.4
11: 7.5, 8.1, tofauti 0.6
12: 6.3, 7.1, tofauti 0.8

Anza mstari wa 2, ili tofauti zikae D2 hadi D13. Kabla ya fomula yoyote zipitie kwa macho. Kumi ni chanya, mbili ni hasi. Kama moja ingesoma 9.0 katikati ya hizi, ungejua nukta imepotea.

Hatua ya 4: Wastani, mkengeuko sanifu, kosa sanifu

Wastani wa tofauti: =AVERAGE(D2:D13). Jibu ni 0.55.

Mkengeuko sanifu, yaani tofauti za mashamba zimetawanyika kiasi gani: =STDEV.S(D2:D13). Jibu ni 0.507. Angalia herufi S mwishoni. Ukiweka P, programu itadhani una mashamba yote ya dunia na kukupa namba ndogo kuliko inavyostahili.

Kosa sanifu, yaani wastani wenyewe unaweza kuyumba kiasi gani: gawanya 0.507 kwa kipeuo cha pili cha 12, ambacho ni 3.464. Unapata 0.146.

Mkengeuko na kosa sanifu huchanganywa kila siku, hata kwenye ripoti zilizochapwa vizuri. Mkengeuko unaeleza mashamba, na hautapungua kwa sababu umeongeza mashamba. Kosa sanifu linaeleza wastani, na hupungua sampuli ikikua. Ukiona ripoti yenye alama ya jumlisha-toa bila kusema ni kipi kati ya hivyo viwili, uliza.

Hatua ya 5: Piga wigo

Unahitaji kizidisho cha t. Digrii za uhuru ni idadi ya jozi toa moja, yaani 11. Andika =T.INV.2T(0.05,11) upate 2.201.

Zidisha: 2.201 × 0.146 = 0.32 (programu yenye desimali zote itakupa 0.322).

Wigo: 0.55 toa 0.32 ni 0.23. 0.55 jumlisha 0.32 ni 0.87.

Kwa hiyo ongezeko la kweli, kwa asilimia 95 za uhakika, liko kati ya kilo 0.23 na 0.87 kwa mti. Njia ya mkato: =CONFIDENCE.T(0.05,0.507,12) inakupa ile 0.32 moja kwa moja. Jihadhari na CONFIDENCE.NORM, inayotumia 1.96 badala ya 2.201. Kwa mashamba 12 wigo utabana kuliko haki, kwa mashamba 200 hutaona tofauti.

(Huyu t ana asili ya kazini. William Gosset, mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliitoa hesabu hiyo mwaka 1908 kwa jina la kujificha, "Student". Alikuwa na sampuli ndogo na mwajiri anayejali gharama, kama wewe.)

Hatua ya 6: Piga p, kisha iweke pembeni

=T.TEST(B2:B13,C2:C13,2,1). Namba 2 ni pande mbili, 1 ya mwisho ni jozi. Jibu ni kama 0.003. Kwa mkono: 0.55 gawanya kwa 0.146 ni 3.76, juu kabisa ya 2.201.

Ukikosea ile 1 ya mwisho ukaweka 2, programu itayaona makundi mawili yasiyo na undugu. Data ni ile ile, lakini p inaruka hadi kama 0.39, na wigo unakuwa kutoka -0.75 hadi 1.85. Umepoteza jaribio zima kwa tarakimu moja! Sababu ni kwamba mashamba yanatoka kilo 4.6 hadi 10.2 kwa mti, na jozi ndiyo iliyokuwa inaondoa mtawanyiko huo.

Kwa sababu hiyo hiyo usichore wigo wa kawaida peke yake na wa ziada peke yake, ukaona imepishana, ukatangaza kwamba hakuna tofauti. Wigo unaotakiwa ni mmoja: wa tofauti.

Hatua ya 7: Weka wigo mbele ya vizingiti viwili

Chora mstari. Weka alama kwenye 0, nyingine kwenye 0.35, kisha chora wigo wako kutoka 0.23 hadi 0.87.

0 ──── 0.23 ── 0.35 ──── 0.55 ──────── 0.87

Wigo haugusi 0. Mzunguko wa ziada unaongeza mavuno, na hilo ni vigumu kulikana. Huo ni umuhimu wa kitakwimu.

Lakini 0.35 iko *ndani* ya wigo. Ongezeko la kweli linaweza kuwa 0.80, na mkulima akafurahi. Linaweza pia kuwa 0.25, ambalo kwa shilingi 2,000 ni shilingi 500 kwa gharama ya shilingi 700. Kwenye miti 100 hiyo ni hasara ya shilingi 20,000, na p yako bado ni 0.003.

Jibu sahihi kwa swali la mwanzo basi ni: *salfa ya ziada inafanya kazi, ila data hii haitoshi kusema kwamba inalipa*. Wastani wa 0.55 unaelekeza upande wa kulipa. Aliye na salfa ya bure, ambaye kizingiti chake ni 0.20, anaweza kuendelea, maana wigo wake wote uko juu ya kizingiti. Anayenunua kwa fedha zake aambiwe ukweli huo na aamue. Ushauri mmoja wa tarafa nzima hapa haufai.

Hali nyingine utakazokutana nazo:

- *Wigo wote uko juu ya kizingiti:* shauri.
- *Wigo wote uko kati ya 0 na kizingiti:* tofauti ni ya kweli na haimsaidii mtu. Acha.
- *Wigo unashika 0 lakini haufiki kizingiti:* hata kama kuna kitu, ni kidogo mno. Hapa ndipo pekee unapoweza kusema kwa usalama kwamba hakuna tofauti ya maana.
- *Wigo unashika 0 na unapita kizingiti:* hujui. Andika hivyo hivyo, hujui.

Ya mwisho ndiyo iliyomo kwenye swali la mbegu mbili. Tuseme ufuta, Lindi, mashamba sita ya jozi: mbegu mpya imezidi kwa kilo 90 kwa eka, wigo kutoka -40 hadi 220, p kama 0.14. Anayeandika "hakuna tofauti" ameitupa mbegu ambayo pengine inaongeza kilo 200 kwa eka. Anayeandika "mbegu mpya ni bora" amevuka daraja ambalo halijajengwa. Mashamba sita hayakutosha kusema lolote kati ya hayo.

Hatua ya 8: Sampuli ikiwa kubwa sana, geuza tahadhari

Maghala yana kinyume cha tatizo hilo. Tuseme unalinganisha unyevu wa korosho zilizokaushwa juu ya turubai na zilizokaushwa juu ya mikeka, magunia 2,000 kila upande. Tofauti ya wastani ni 0.1 ya asilimia, mkengeuko 0.9 kila upande. Kosa sanifu ni 0.9 × √(2/2000), yaani 0.028. Wigo ni kutoka 0.04 hadi 0.16, na p iko chini ya 0.001.

Je, kuna haja ya kununua turubai? Kama ghala linakataa korosho zenye unyevu unaozidi asilimia 10, na kipima unyevu chako kinasoma hadi desimali moja tu, basi tofauti nzima unayojivunia ni hatua moja ya kioo cha kipimo. Ukiwa na magunia ya kutosha, karibu kila kitu kitapata p ndogo. Andika ukubwa wa tofauti kwanza, p baadaye, au usiiandike kabisa. Wigo wa asilimia 95 usiogusa 0 tayari umekwambia p iko chini ya 0.05, mradi vyote viwili vimepigwa kwa njia moja.

Hatua ya 9: Andika matokeo

Sentensi unayoweza kuikopi na kubadili namba:

"Katika mashamba 12, mzunguko mmoja wa ziada uliongeza wastani wa kilo 0.55 za korosho ghafi kwa mti (wigo wa uhakika wa asilimia 95: 0.23 hadi 0.87; jaribio la t la jozi, p = 0.003). Kwa bei na gharama tulizotumia, ongezeko linaanza kulipa likifika kilo 0.35. Matokeo haya hayatoshi kuthibitisha kwamba kiwango hicho kinafikiwa."

Kwa mkulima kwenye mkutano wa kijiji, maneno yapungue: "Mti unaongeza kati ya robo kilo na kilo moja kasoro kidogo. Ukinunua salfa mwenyewe, robo kilo haikulipi." Neno p halina kazi pale.

Makosa yanayorudi kila msimu

*Kusema "kuna uwezekano wa asilimia 99.7 kwamba salfa inafanya kazi" kwa sababu p ni 0.003.* Hapana. p ilihesabiwa kwa kudhani salfa ya ziada haifanyi kitu, hivyo haiwezi kugeuka na kuwa uwezekano wa dhana hiyo hiyo. Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 kukemea jambo hili pamoja na mengine, na bado linaendelea.

*Kupima vitu ishirini na kuripoti kimoja.* Uzito, idadi ya maua, korosho kwa kilo, rangi, unyevu, na kadhalika. Hata kama hakuna tofauti hata moja ya kweli, kwa vipimo 20 visivyohusiana uwezekano wa angalau kimoja kutoa p chini ya 0.05 ni asilimia 64. Chagua kipimo kikuu mwanzoni, siku ile ile unapoandika kizingiti.

*Kuongeza mashamba kidogo kidogo, kila mara ukichungulia p, na kuacha siku inaposhuka.* Kwa mtindo huo karibu kila kitu hufaulu siku moja. Panga idadi kabla.

*Kusogeza kizingiti baada ya kuona wigo.* "Kumbe hata kilo 0.20 inatosha!" Labda, lakini basi lete gharama mpya zilizobadilika, siyo hamu mpya.

*Kuvumbua hadithi ndani ya data.* Rudi kwenye jedwali: mashamba 4, 8 na 10, yenye mavuno makubwa, ndiyo yaliyopata tofauti ndogo au hasi. Inavutia kusema ziada inasaidia mashamba dhaifu tu. Inawezekana. Ila kipande cha kawaida kikipanda kwa bahati tu, tofauti yake lazima ishuke, hata kama salfa inasaidia wote sawa. Lichukue kama swali la msimu ujao, upange jaribio lake.

Mambo yakikwama

*Wigo ni mpana mno.* Chanzo ni ama mashamba machache ama mtawanyiko mkubwa. Kwa mfano wetu, ukitaka wigo wa jumlisha-toa 0.15 badala ya 0.32, kwa mkengeuko ule ule wa 0.507, unahitaji kama mashamba 47. Kumbuka kanuni: kupunguza wigo nusu kunadai sampuli mara nne. Ni ghali, hivyo kabla ya kuongeza mashamba angalia kama mizani, siku za kukausha na upuliziaji vilifanana kila mahali. Mara nyingi mtawanyiko unatokana na hayo. Ukiwa unapanga jaribio kubwa, kazungumze na watafiti wa TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Naliendele kabla ya maua, maana mavuno yakishaanza mpangilio hauwezi tena kurekebishwa.

*Programu inakataa au inatoa wastani wa ajabu.* Namba zilizokaa kushoto mwa kisanduku ni maandishi, siyo namba. Kawaida mtu ameandika 7,1 badala ya 7.1, au ameweka "kg" mbele yake. Safisha, kisha hesabu visanduku kwa =COUNT(D2:D13). Ikitoa 11 badala ya 12, kuna kimoja bado kinajificha.

*p iko chini ya 0.05 lakini wigo unashika 0.* Haviwezi kupingana vikihesabiwa sawasawa. Tazama kama p ni ya upande mmoja (1 badala ya 2 katika T.TEST), au kama wigo umepigwa bila jozi.

*Shamba moja liko mbali sana na mengine.* Rudi kwenye daftari la shambani. Kama ni kosa la kuandika, sahihisha na uandike kwamba umesahihisha. Kama ni kweli, liache, kisha piga wigo mara mbili, nalo na bila lenyewe, na uripoti zote mbili. Kulifuta kimya kimya ni udanganyifu. Shamba lililoungua moto au kuvunwa na wezi ni jambo jingine: litoe, ukitaja sababu, na utoe jozi nzima.

*Tofauti hazijakaa kwa ulinganifu.* Kwa jozi 12 ulinganifu mdogo ukikosekana si tatizo. Zikiwa nyingi karibu na sifuri na mbili tatu kubwa mno, tumia jaribio la Wilcoxon la jozi, linalopanga tofauti kwa ukubwa badala ya kutumia namba zenyewe, na uonyeshe tofauti ya katikati pamoja na wastani.

*Kipimo ni ndiyo au hapana na hakuna aliyekufa.* Umepanda miche 40 ya kubebeshwa, yote imeshika. Fomula ya kawaida itakupa kosa sanifu la 0, eti vifo haviwezi kutokea kabisa. Tumia kanuni ya tatu: gawanya 3 kwa idadi. 3/40 ni 0.075, kwa hiyo kiwango cha kweli cha vifo kinaweza kufika kama asilimia 7.5. Anayeagiza miche 1,000 kwa kutegemea matokeo hayo aweke akiba ya miche kama 75.